Gharama za joto zikipanda ghafla nyumbani: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili, katika nyanda za juu kusini

Kuanzia mwishoni mwa Mei, ukungu unapoanza kukaa Uyole mpaka saa tatu asubuhi na sakitu inapotanda kwenye majani ya Kitulo, fundi umeme anayezunguka nyumba za Mbeya, Mafinga, Makambako au Njombe husikia lalamiko moja likirudiwa mlango hadi mlango: mita inakimbia. Mwenye nyumba aliyekuwa akinunua umeme mara moja kwa mwezi sasa ananunua kila wiki, na shaka yake ya kwanza huwa ni mita, ya pili ni jirani, na ya tatu ni mpangaji wa chumba cha uani. Katika nyumba nilizokagua, washukiwa hao watatu walikutwa na hatia mara chache sana. Aliyekutwa na hatia mara nyingi zaidi ni maji ya kuoga.

Huku kwetu ni nyumba chache zinazopasha vyumba joto. Karibu zote zinapasha maji. Ndoo ya lita 20 iliyokingwa bombani alfajiri, maji yakiwa na nyuzi 14, huhitaji takriban uniti 0.6 ya umeme ili yafike nyuzi 40 za kuogea. Ndoo hiyo hiyo Dar es Salaam, ambako maji ya bomba huwa karibu nyuzi 27, huhitaji nusu ya kiasi hicho, na Kyela, huko chini ziwani, wengi hawaipashi kabisa. Familia ya watu sita, kila mmoja akioga ndoo moja kwa siku, hutumia uniti 108 kwa mwezi kwa kuoga tu, kabla taa haijawashwa na kabla ya pasi kuguswa. Mtu aliyehama kutoka pwani na vifaa vyake vyote, akaendelea kuishi vile vile, atashangaa bila ya kifaa chochote kuharibika.

Kipimo cha kutangulia dalili zote

Usianze kubadilisha kifaa kabla hujapima. Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla ya kutumia, ina taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika, na pembeni yake kumeandikwa idadi ya mapigo kwa kila uniti. Mita nyingi zimeandikwa 1000, lakini soma ya kwako. Ikiwa ni 1000, kifaa cha wati 1,000 kitaifanya taa ipepese mara moja katika kila sekunde tatu na nusu hivi, na cha wati 2,000 mara mbili ya kasi hiyo. Kwa saa ya simu na kipande cha karatasi unaweza kujua kila kifaa kinakula kiasi gani bila kumlipa mtu.

Fanya hivi wakati wa mchana. Zima kila kitu, pamoja na friji na chaja za simu, kisha tazama taa kwa dakika tano. Ikitulia, nyumba haivujishi umeme, na kinachobaki ni kuwasha kifaa kimoja kimoja na kuhesabu. Ikiendelea kupepesa, nenda moja kwa moja kwenye dalili ya mwisho ya makala haya. Pia andika uniti zilizobaki kila siku saa ile ile kwa siku saba, kwa sababu kumbukumbu ya kichwani kuhusu umeme haiaminiki. Nimewahi kubishana na mzee mmoja kwa nusu saa juu ya mwezi ambao risiti zake mwenyewe zilionyesha alitumia kidogo kuliko mwezi uliotangulia.

Dalili ya kwanza: uniti zinaisha mapema ingawa vifaa ni vile vile

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kwamba vifaa ni vile vile lakini kazi yake imeongezeka. Hita ya kuchovya kwenye ndoo ilikuwa ikiwashwa dakika 20 mwezi wa Februari, sasa inakaa dakika 40 kwa sababu maji yanaanza yakiwa baridi zaidi na kwa sababu aliyeiwasha amerudi kitandani. Huko kurudi kitandani kuna gharama yake: maji yakishafika nyuzi 40 na hita ikaachwa mpaka yachemke, umeme uliotumika unazidi mara mbili ya ule uliohitajika, na sehemu ya joto hilo inapotea kwa mvuke kabla mtu hajaoga. Dawa yake ni kuifunika ndoo kwa mfuniko wenye nafasi ya waya, kuweka kengele ya simu, na kupasha maji ya kuoga badala ya kuchemsha kisha kuchanganya na ya baridi kwa kukisia.

Sababu ya pili ni birika la umeme. Kila mtu nyumbani analijaza hadi juu ili anywe kikombe kimoja cha chai, na baada ya saa moja mwingine anachemsha upya maji yale yale. Pima kwa kikombe kabla ya kumimina.

Ya tatu ni jiko la umeme linalopikia maharage na makande. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Njombe, iliyo juu zaidi, huchemka mapema zaidi. Chakula kigumu basi huchukua muda mrefu kuiva, na kuongeza moto hakusaidii, kwani maji yanayochemka kwa fujo hayana joto kuliko yanayochemka polepole. Loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, na ukiwa na uwezo nunua sufuria ya presha, ambayo ndiyo tiba halisi ya tatizo la kimo.

Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, mara chache chanzo huwa ni chumba cha uani kilichounganishwa kwenye mita yako bila makubaliano kamili juu ya hita. Zima swichi ya kuelekea huko kwa saa moja, kwa kumwarifu mpangaji, kisha linganisha kasi ya taa ya mita.

Njia moja isiyo na gharama imesahaulika na wengi. Kipupwe cha Mbeya na Iringa ni baridi ya asubuhi na usiku, lakini adhuhuri jua huwa kali. Dumu jeusi au ndoo nyeusi yenye mfuniko, ikiwekwa juani kwenye saruji kuanzia saa nne hadi saa kumi, hupata nyuzi za ziada bila kulipiwa. Maji yakianza kupashwa kutoka nyuzi 24 badala ya 14, zaidi ya theluthi ya umeme wa ndoo hiyo imeokolewa. Anayeweza kuoga jioni badala ya alfajiri ananufaika maradufu. Kwa wakazi wa Tukuyu, ambako mvua na mawingu havina adabu, njia hii haitegemeki sana.

Dalili ya pili: fedha ni ile ile, uniti zimepungua

Dalili hii haina uhusiano na waya wala hita, na ni kosa kumwita fundi. Soma risiti ya ununuzi mstari kwa mstari.

Kwanza, tazama kama umevuka uniti 75 ndani ya mwezi. Kwa viwango vilivyotumika tangu 2016, mteja mdogo wa majumbani aliye katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi 75, na kila inayozidi hapo hulipiwa shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Uniti 75 ni shilingi 7,500, lakini uniti 100 ni shilingi 16,250. Uniti 25 za mwisho zimegharimu kuliko 75 za mwanzo. Ndiyo maana baridi humwumiza mteja wa D1 kwa ghafla, kwa kuwa matumizi yake yakiongezeka kwa theluthi moja, bili inazidi maradufu. Pia anayevuka kiwango hicho mara kwa mara anaweza kuhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Kundi lako linaonekana kwenye risiti. Ukikuta umehamishwa, na matumizi yako ya miezi mingi ni madogo isipokuwa Juni na Julai, nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya na risiti hizo ukaombe kuchunguzwa upya.

Pili, kuna kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU kila mwezi, na kwa nyumba ya kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 katikati ya 2023. Ikiwa nyumba ilikaa miezi mitatu bila umeme kununuliwa, miezi hiyo itakatwa kwa pamoja siku ya kurudi, na uniti zitakazotoka zitakuwa chache kuliko ulivyozoea. Mpangaji anayenunua umeme aelewe kwamba hapo anamlipia mwenye nyumba kodi yake, na walizungumze mapema. Ni jambo la mkataba, wala si la ugomvi.

Dalili ya tatu: tangi la maji ya moto linakula umeme hata siku ambayo hakuna aliyeoga

Hapa ninaongelea lile tangi la ukutani au la darini, ambalo wengine huliita boila na wengine gizeri. Sababu iliyo ya kawaida zaidi si ubovu. Tangi lililoachwa limewashwa saa 24 hupoteza joto polepole kupitia ganda lake, kisha hujipasha upya usiku kucha, na kadiri dari lilivyo baridi ndivyo upotevu unavyozidi. Liwashe saa moja kabla ya kuoga, ulizime baada ya hapo, na pima tofauti kwa wiki moja. Kwa nyumba nyingi ukaguzi unaishia hapo.

Sababu ya pili ni kipimo cha joto kilichowekwa juu mno. Mafundi wengi hukiacha kwenye nyuzi 75 au zaidi ili mteja asilalamike siku ya kwanza. Nyuzi 60 zinatosha. Usishushe chini ya 50 na kuacha maji humo siku nyingi, kwa maana vijidudu vinavyodhuru mapafu hustawi kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama.

Sababu ya tatu hupuuzwa kwa sababu ni ndogo machoni: bomba la maji ya moto linalodondosha. Tone moja kwa sekunde hufikisha lita 20 hivi kwa siku, na lita 20 zilizopashwa hadi nyuzi 60 ni zaidi ya uniti moja, yaani uniti 30 na ushee kwa mwezi zinazoteremka kwenye karo. Katika nyumba moja ya Isyesye familia ilikuwa imebadilisha taa zote na kumnunia jirani kwa miezi miwili, kumbe bomba la moto la bafu lisilotumika lilikuwa likivuja ndani ya ndoo ambayo msichana wa kazi aliimwaga kila jioni bila kujiuliza. Washa tangi, subiri lipate moto, kisha shika kwa mkono bomba linalotoka kuelekea kila chumba. Bomba lililo la moto ilhali hakuna aliyefungua maji linakuelekeza penye uvujaji.

Baada ya hizo ndipo tunafikia tope lililojikusanya chini ya tangi, hasa baada ya masika ambapo maji ya vijito hushuka na udongo, na ukoko wa chokaa kwenye elementi, yaani chuma kinachopasha maji, kwa wanaotumia visima vya maeneo yenye miamba ya chokaa upande wa Songwe. Tangi la namna hii hulia kama sufuria ya uji na huchelewa kupata moto. Kulifungua na kulisafisha ni kazi ya fundi, kwa sababu ndani yake maji na umeme vinakaa pamoja.

Simama hapo, zima swichi kuu ya tangi na uite fundi endapo maji yanatoka yakichemka au yakitoa mvuke bombani, endapo valvu ya usalama inamwaga maji ya moto mfululizo, au endapo ukigusa bomba unahisi umeme unakutekenya. Dalili mbili za kwanza zina maana kwamba themostati, yaani kidhibiti cha joto, imeng'ang'ania na tangi halijizimi. Tangi la namna hiyo linaweza kupasuka. Kamwe usiizibe valvu kwa mpira au kwa plagi ya chuma ili kuondoa kero ya maji; ndicho kitu pekee kinachozuia msiba. Kuhusu umeme unaotekenya, usikubali kuambiwa kwamba ni kawaida ya hita.

Dalili ya nne: shawa ya umeme inatoa maji ya vuguvugu tu, na umeme unaenda

Shawa ya wati 5,500 ikipokea maji ya nyuzi 14 ina uwezo wa kutoa lita tatu tu kwa dakika zikiwa na nyuzi 40. Pwani, shawa ile ile hutoa lita sita. Kwa hiyo aliyefungua bomba lote ataoga maji ya vuguvugu, atakaa muda mrefu zaidi akitafuta joto, na kila dakika kumi zitamgharimu uniti 0.9. Punguza mtiririko kabla ya kutafuta fundi. Hilo peke yake huponya sehemu kubwa ya malalamiko ninayopokea kuhusu shawa.

Likishindikana, safisha matundu ya kichwa cha shawa kwa siki, kisha angalia nguvu ya umeme. Mitaa mingi ya pembezoni hupata umeme hafifu kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, wakati kila nyumba inapika na kuoga. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, shawa hubaki na kama theluthi mbili tu za nguvu yake. Hapa nirekebishe imani moja iliyoenea: umeme hafifu hauongezi ulaji wa hita kwa wenyewe. Hita inakula kidogo kwa dakika, ila wewe unakaa dakika nyingi zaidi. Oga mapema au kwa kuchelewa, na mripoti tatizo hilo kwa pamoja kama mtaa.

Sababu ya chini kabisa kwenye orodha hii ndiyo ya hatari kuliko zote, nayo ni waya mwembamba. Shawa ya wati 5,500 huvuta ampea 24, na inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye bodi, wenye unene wa milimita za mraba 6, pamoja na sakiti breka yake na waya wa ethi. Nimekuta shawa nyingi zimeunganishwa kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5, na nyingine kwenye waya wa taa. Waya wa namna hiyo hupata moto ndani ya ukuta, hupoteza sehemu ya umeme uliolipia, na siku moja huwasha dari. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ukiona swichi ya bafuni imebadilika rangi, au breka ikijikata kila mtu anapooga, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usibadilishe breka kwa kuweka kubwa zaidi. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umwombe akuonyeshe leseni hiyo.

Dalili ya tano: hita ya chumba inawaka usiku kucha na chumba bado ni baridi

Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa sita kila usiku hutumia uniti 12, na uniti 75 za bei nafuu huisha kabla wiki haijatimia. Hakuna hita mbovu wala nzima itakayoshinda nyumba iliyo wazi juu, na nyumba zetu nyingi ziko wazi juu: ama hazina dari, ama zina dari ila nafasi kati ya ukuta na bati haikuzibwa, na joto linapanda na kutokea hapo kama moshi wa jikoni.

Anza na vitu vya bure. Usiku, washa mshumaa au ubani na upitishe kando ya dirisha, chini ya mlango na kwenye pembe za dari. Moshi unapoyumba ndipo upepo unapoingia. Madirisha yenye nyavu na vioo vya kupandana ndiyo mabaya zaidi. Pazia zito linalofika sakafuni, gunia lililokunjwa chini ya mlango, na zulia au mikeka miwili juu ya sakafu ya saruji hubadilisha chumba kwa gharama ndogo. Kuziba juu ya ukuta kwa matofali na udongo ni kazi ya siku moja ya fundi mwashi. Dari ni gharama kubwa, lakini kama una fedha za kufanya jambo moja tu katika nyumba yako mwaka huu, mimi ningechagua dari la chumba cha kulala kabla ya hita ya aina yoyote.

Jiulize pia kama chumba kweli kinahitaji joto, au kinachohitaji ni kitanda. Kuchemsha lita moja na nusu za maji ya kujaza mfuko wa mpira wa maji ya moto hutumia uniti 0.14 hivi. Blanketi la umeme la wati 100 halifiki uniti moja usiku mzima.

Onyo la sehemu hii: ziba mianya katika chumba kinachopashwa kwa umeme peke yake. Chumba ambamo jiko la mkaa, la kuni au la gesi huwashwa hakizibwi. Usiichomeke hita ya chumba kwenye waya wa kuongeza soketi, wala usianike nguo juu yake.

Dalili ya sita: gunia la mkaa lililofika mwezi sasa halifiki wiki tatu

Wengi hudhani wameuziwa mkaa mbaya, na wakati mwingine ni kweli, lakini sababu ya mbele ni kwamba jiko lililokuwa likizimwa baada ya chakula sasa linaachwa liwake ili watu waote. Mkaa unaootwa na watu haupiki. Kupasha ndoo moja ya kuoga kwa jiko la kawaida la bati hula mkaa wa gramu 350 hadi 400. Panga ratiba: jiko likiwashwa kwa chakula cha jioni, sufuria ya maji ipande mara tu ugali unaposhuka, kabla makaa hayajafifia.

Pili, kagua jiko lenyewe. Udongo wa ndani ukipasuka au ukiwa umekatika, joto hutokea pembeni. Udongo huo hubadilishwa sokoni bila kununua jiko jipya. Mlango wa hewa ukikosa kufungika, mkaa hujiunguza kwa kasi hata sufuria ikiwa inachemka taratibu. Sufuria inayopepea juu ya makaa kwa sababu mkono wa jiko umepinda nayo ni hasara ya kila siku.

Tatu ndipo tuje kwa mkaa. Mkaa wa miti migumu ya miombo na wa miwati ni mzito na hukaa. Wa paini ni mwepesi na huisha ukiutazama. Gunia huuzwa kwa ujazo, na magunia hayalingani, hivyo bei ya gunia peke yake haikwambii kitu. Lipime kwenye mizani ya muuza viazi na ulinganishe shilingi kwa kilo. Mkaa ulionyeshewa huwatia watu hofu kuliko unavyostahili: hasara yake si maji yenyewe, ambayo hukauka juani, bali chenga zilizojaa chini ya gunia na muda wa kuuwasha. Uhifadhi juu ya mbao, si sakafuni.

Sasa onyo ambalo ningeomba lisomwe na kila mtu wa nyumba hiyo. Usilaze jiko la mkaa chumbani, hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi. Makaa hayo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, haina rangi na haiwashi macho. Anayelala humo hupoteza fahamu bila kuamka. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutosha. Iwapo watu wawili au zaidi waliokaa chumba kimoja wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja, usidhani ni malaria au chakula: watoe nje wote, fungua milango, toa jiko, na uwapeleke hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Aliyezirai asiachwe peke yake, na anayeingia kumtoa ashike pumzi, asikae humo.

Dalili ya saba: mtungi wa gesi unaisha haraka

Kwa ufupi, mtungi wa kilo 6 ukitumika kupasha maji ya kuoga tu hutoa ndoo 60 hivi, kwa hiyo familia ya watu sita huumaliza kwa siku kumi bila hitilafu yoyote. Moto wa njano unaoacha masizi huashiria matundu ya jiko yaliyoziba. Yasafishe kwa brashi kavu. Alfajiri zenye baridi kali gesi hutoka kwa unyonge, hasa mtungi ukikaribia kuisha, na wengine huurudisha dukani ukiwa na mabaki waliyolipia. Uache mtungi jikoni mpaka jua litoke. Usiumwagie maji yanayochemka wala kuusogeza karibu na moto.

Ukihisi harufu, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Povu likivimba, funga mtungi, utoe nje, usiguse swichi yoyote. Ikiwa gesi imeshajaa chumba, ondokeni wote na mpige 114, namba ya Zimamoto, mkiwa nje.

Dalili ya nane: kila kitu kimezimwa, na taa ya mita bado inapepesa

Zima breka zote kwenye bodi ya nyumba, ukiacha swichi kuu peke yake. Taa ikitulia, washa breka moja baada ya nyingine, ukisubiri dakika mbili kila mara. Ile inayoiamsha taa ndiyo inayokupeleka kwenye chanzo, na mara nyingi utakuta ni ya tangi la maji, ambalo elementi yake imetoboka na umeme unavuja kwenda kwenye maji. Mara chache ni waya wa nje uliochakaa kwa mvua, au pampu ya kisima inayojiwasha kwa sababu bomba limepasuka ardhini. Kwa zote tatu, acha breka hiyo ikiwa imezimwa hadi fundi afike. Oga maji ya ndoo kwa siku mbili, hakuna atakayekufa kwa hilo.

Taa ikiendelea kupepesa hata breka zote zikiwa chini, na hata swichi kuu ikiwa chini, tatizo liko kati ya mita na bodi, au kuna aliyejiunga hapo katikati. Usifungue mita, usikate lakiri, na usimruhusu fundi wa mtaani afanye hivyo kwa ahadi ya kuipunguza kasi; lakiri iliyokatwa humfanya mlalamikaji awe mtuhumiwa. Nenda ofisini na namba ya mita, risiti za miezi mitatu, karatasi ya uniti ulizoandika kwa siku saba, na video fupi ya simu inayoonyesha swichi kuu ikiwa imezimwa na taa ikipepesa katika picha moja. Omba mita yako ipimwe sambamba na mita ya uhakiki, kisha usiondoke kabla hujapewa namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako.